Barua ya wazi kwa wanaosimamia mgodi ulio chini ya kijiji chetu: tupeni utabiri wa ardhi hii, si wa makaa ya mawe

Mwambao wa Ziwa Victoria,
Mkoa wa Mwanza.

Kwa:
Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,
Ndugu Meneja Mkuu wa Mgodi,
Ndugu Afisa Msimamizi wa Migodi wa eneo letu.

YAH: UTABIRI WA KUTITIA KWA ARDHI JUU YA MGODI WA CHINI KWA CHINI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeandika barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza niliipeleka mwenyewe getini, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilipitia kwa Mtendaji wa Kijiji. Ya tatu niliiandika kwa ofisi ya serikali inayotunza nakala ya ripoti ya mgodi ya utabiri wa kutitia, nikiomba taarifa kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotoa siku 30 za kujibu. Sasa tunaingia mwezi wa saba wa kusubiri na sijapata hata mstari mmoja. Ndiyo maana naandika hadharani. Jina la kijiji na la mgodi sitayataja hapa, kwa kuwa sitaki kijana yeyote asome barua hii akaenda kurusha mawe getini. Nyinyi mnajijua, na barua zile tatu zina majina yote.

Nianze kwa kujieleza, maana mtauliza huyu mzee anajua nini. Nimefanya kazi ya upimaji migodini kwa miaka mingi. Nilianzia kwenye makaa ya mawe kule Nyanda za Juu Kusini, nikamalizia kwenye dhahabu huku Kanda ya Ziwa. Kazi yangu ilikuwa kujua mashimo yako wapi, mwamba ulio juu yake una unene gani, na uso wa ardhi umeshuka kiasi gani tangu kipimo cha mwisho. Nimestaafu, lakini darubini yangu bado naifuta vumbi. Dhahabu siipingi. Wanangu wawili wamesomeshwa na mshahara wa mgodi, na nataka mgodi huu uendelee kuchimba.

Shida yenyewe ionekane kwanza kwa macho. Twendeni shule ya msingi, jengo la madarasa matatu, urefu wake mita 27, lililojengwa mwaka 2018 kwa michango ya wazazi. Darasa la mwisho upande wa ziwa lina ufa unaoanzia kona ya dirisha, unapanda kwa mshazari hadi kwenye lenta, kisha unatokea upande wa pili wa ukuta. Mwaka 2023 unywele ulikuwa haupiti. Leo naingiza sarafu ya shilingi 200 imesimama, nayo haigusi pembeni. Nilichukua kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, nikakigandisha kwa saruji juu ya ufa, nusu huku na nusu kule, nikaandika tarehe kwa penseli. Kioo hakinyumbuki, ukuta ukifunguka hata kidogo, kinakatika. Cha kwanza kilikatika siku ya 11. Nikabandika cha pili pembeni yake, nacho kikakatika. Walimu waliwahamishia watoto wa darasa la tatu chini ya mwembe, na mvua ikinyesha wanarudi nyumbani.

Ndani ya darasa hilo nilipima sakafu kwa mpira wa levo, ule wa plastiki wenye maji ambao kila fundi anao. Kutoka ukuta hadi ukuta ni mita 9, na upande wa ziwa uko chini kwa milimita 28. Hiyo ni kama milimita 3 kwa kila mita. Fundi aliyejenga ni kijana wa hapahapa, na alisimama pale akiangalia maji ndani ya mpira akasema, "Mzee, mimi sakafu hii niliimwaga imelala." Namwamini, kwa sababu hata lenta imeinama kwa kiasi kilekile, na fundi hawezi kukosea sakafu na lenta kwa milimita zinazofanana.

Baada ya kuona hayo, hoja zangu ni hizi.

1. Utabiri mliotuonyesha ni wa makaa ya mawe, na sisi tunaishi juu ya dhahabu.

Hii ndiyo hoja kubwa, nanyi mnivumilie nikiirefusha. Katika mkutano wa kijiji mtaalamu wenu alitandika kitambaa cheupe ukutani, akatuonyesha picha za ripoti kwa muda usiozidi dakika 40. Niliomba nakala, nikaambiwa ni siri ya biashara. Lakini nilikuwa na daftari. Nilinakili: kina mita 180, pembe ya mvuto nyuzi 35, kutitia kwa juu kabisa kusizidi milimita 20, hakuna madhara kwa majengo. Na nilinakili ule mchoro, bakuli laini lenye kingo mbili zinazopanda taratibu.

Bakuli lile nilikuwa nalifahamu, kwa sababu nimelichora mara nyingi katika ujana wangu. Tabaka la makaa ya mawe hulala ardhini kama mkeka, mara nyingi kwa kilomita na kilomita. Ukiondoa mkeka wote kwa uchimbaji wa ukuta mrefu, mwamba wa juu unaporomoka nyuma yako, na ardhi ya juu inafuata kwa kuinama polepole. Waingereza walipima mashamba yao ya makaa kwa miongo mingi wakaona mambo yafuatayo: athari husambaa nje ya ukingo wa machimbo kwa pembe ya nyuzi kama 35 (ndiyo ile pembe ya mvuto), upana wa machimbo ukifikia mara 1.4 ya kina, ardhi hushuka kwa kiwango cha juu kabisa. Na kiwango hicho kinaweza kufika asilimia 90 ya unene wa tabaka. Chukua tabaka la mita 2 lililo kwenye kina cha mita 200. Ukichimba kwa upana wa mita 280, katikati ya bakuli ardhi inaweza kushuka mita 1.8, na aliye mita 140 nje ya ukingo ndipo anaanza kuwa salama. Huko Poland, mtaalamu aitwaye Knothe alitoa mwaka 1953 hesabu ya kuchora umbo lote la bakuli hilo, na mpaka leo wapimaji wa makaa wanaitumia. Ni elimu nzuri. Niliitumia, ikanitendea haki.

Sasa tazameni dhahabu yetu. Mwamba wa dhahabu hapa haukulala. Umesimama, karibu wima, kama panga lililochomekwa kwenye kichuguu. Upana wake ni mita 3, pengine 4. Ukiingiza mita 3 za upana na mita 180 za kina katika hesabu ya makaa ya mawe, lazima upate jibu dogo, maana hesabu yenyewe inaamini kwamba machimbo membamba kiasi hicho ardhi ya juu haiyahisi. Hizo milimita 20 hazinishangazi. Hesabu mmeipiga sawasawa, lakini imejibu swali ambalo kwetu halipo.

Mwamba mgumu wa huku hauinami kama matabaka ya makaa. Unasimama miaka bila kuonyesha dalili, kisha unaachia kipande, na kingine juu yake, pango, yaani nafasi tupu iliyochimbwa, linapanda kama bomba la moshi mpaka siku linapotokea juu. Kwenye tabaka la makaa la mita 2 lenye nguzo zilizoachwa kushikilia paa, kupanda huku mara nyingi kunajizima kwenyewe: mwamba uliovunjika huvimba kwa asilimia 30 hivi, na baada ya mita 6 au 7 kifusi kinakuwa kimejaza nafasi yote. Lakini pango la dhahabu lenye urefu wa mita 25 kwenda juu linahitaji zaidi ya mita 80 za mwamba uvunjike ndipo lijae. Na kwa kuwa limesimama wima, kifusi kinateleza kwenda chini, mnakipakia kwenye malori mkidhani ni mbale, yaani mawe yenye dhahabu, na nafasi inabaki wazi.

Kwa hiyo tunachohitaji kujua ni unene wa mwamba mliouacha juu ya pango la juu kabisa, yaani nguzo ya paa. Ubora wa mwamba huo. Upana na urefu wa pango lililo chini yake. Na kama limejazwa au liko tupu. Kanada, wenye migodi mingi ya namna hii, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wanatumia kipimo kinacholinganisha mambo hayohayo ili kujua uwezekano wa paa kuanguka, na kipimo hicho kilijengwa kwa kukusanya mapaa yaliyosimama na yaliyoanguka. Katika zile dakika 40 sikuona hata ukurasa mmoja wenye neno nguzo ya paa.

2. Maji mnayoyavuta hayamo kwenye utabiri.

Kisima cha bibi jirani yangu kilikuwa na maji kwa kamba ya mita 11. Sasa kamba imeunganishwa mara mbili, na ndoo inarudi na tope. Anapokea salamu yangu ya asubuhi, "Mwangaluka," kisha anaonyesha ndoo kwa kidole, hasemi kitu. Pampu zenu zinavuta usiku na mchana; tunazisikia. Mkivuta maji kutoka kwenye mwamba, udongo na mwamba laini ulio juu unapoteza kile kilichokuwa kinausaidia kubeba uzito, unajikandamiza, unashuka. Kushuka huku hakumo katika hesabu ya makaa mliyotuletea.

Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini inalijua jambo hili kwa machungu. Magharibi ya Johannesburg, baada ya maji ya chini ya ardhi kuvutwa ili kuchimba dhahabu, mwezi Desemba 1962 shimo lilifunguka ghafla likameza jengo zima la mtambo wa kusaga mawe, na watu 29 walikufa. Mwamba wa kule ni dolomaiti, unaoyeyuka na maji na kuacha mapango ya asili. Wetu si huo, na sisemi kwamba yatatokea yaleyale. Ninachosema ni kwamba yeyote anayetabiri kutitia kwa ardhi juu ya mgodi wa dhahabu bila kuandika neno moja kuhusu maji, kazi yake hajaimaliza.

Kuna na ziwa. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kijiji chetu kiko mita chache tu juu ya hapo. Maana yake vijia vyenu vya chini ya ardhi, vilivyo kwenye kina cha mita 180, viko chini ya uso wa ziwa kwa zaidi ya mita 100. Waingereza waliochimba makaa chini ya bahari waliwekewa masharti: kwa uchimbaji wa kuporomosha paa, mwamba wa juu usipungue mita 105, na mvutano kwenye sakafu ya bahari usizidi milimita 10 kwa kila mita. Sharti lenu kuhusu ziwa ni lipi? Mita ngapi kutoka ufukweni mnasimama? Wavuvi wa mwalo wetu wana haki ya kulijua jibu hilo.

3. Mmetabiri, lakini hamjapima.

Tangu mkutano ule sijaona bikoni hata moja ya kupimia mshuko ndani ya kijiji. Kama mnasema ardhi haitashuka zaidi ya milimita 20, mtajuaje ikishuka 40? Sisi wapimaji tulifundishwa kwamba utabiri unaandikwa kabla, kipimo kinafuata, na vyote viwili vinawekwa kwenye karatasi moja ili tofauti ionekane.

Na tofauti hiyo ndiyo iliyojenga elimu yenyewe. Tarehe 21 Januari 1960, katika mgodi wa makaa wa Coalbrook, Afrika Kusini, nguzo zilizoachwa kushikilia paa zilivunjika moja baada ya nyingine, na wachimbaji 435 walibaki chini mpaka leo. Wiki tatu kabla, tarehe 28 Desemba 1959, sehemu ya mgodi huohuo ilikuwa imeshaporomoka, na kazi ikaendelea. Baada ya msiba ule watafiti Salamon na Munro walikusanya kumbukumbu za migodi: maeneo 98 ambayo nguzo zilisimama, na 27 ambayo zilianguka. Kutoka humo, mwaka 1967, walitoa hesabu ya uimara wa nguzo ambayo imeokoa watu wengi tangu hapo. Nafikiria sana maeneo yale 27. Kama wenye migodi wangesema ni siri ya biashara, hesabu ile isingekuwepo.

4. Maduara ya zamani, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, hayamo kwenye ramani yenu.

Kabla yenu walikuwepo wachimbaji wadogo, na kabla yao walikuwepo wengine. Upande wa mashariki wa kijiji kuna maduara yaliyofunikwa kwa matimba na udongo, mengine yana mihogo juu yake. Wazee wanayajua. Mkipandisha pango kutoka chini likakutana na duara kutoka juu, unene mliouhesabu kwenye karatasi haupo tena. Hakuna mtu wenu aliyekuja kuwauliza wazee.

5. Baada yenu, nani?

Machimbo ya nguzo na mapango yasiyojazwa yanaweza kuporomoka miongo mingi baada ya mgodi kufungwa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 inayomlazimu mwenye jukumu la mgodi wa makaa kurekebisha nyumba iliyoharibiwa na kutitia, na kwa machimbo ya kale, ambayo wenyewe wameshapotea, kuna chombo cha serikali kinachobeba mzigo huo. Sisi tutamwendea nani?

Waheshimiwa, majibu mtakayotoa nayafahamu, maana mengine nimeshayasikia kwa watumishi wenu nje ya mkutano.

Mtasema ni tetemeko. Lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, tulilihisi hata sisi, na kule Kagera liliua watu na kubomoa nyumba. Lakini darasa lilijengwa mwaka 2018. Haliwezi kupasuliwa na tetemeko lililolitangulia.

Mtasema ni ziwa lililofurika mwaka 2020. Ni kweli, mwezi Mei mwaka ule maji yalifikia rekodi ya mwaka 1964 na kuipita, na mialo mingi ilizama. Maji yakashuka. Ufa ulianza 2023.

Mtasema ni udongo wa mbuga, mweusi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Hili ni jibu la maana kuliko yote, na nimelichunguza kwa heshima. Shule haiko mbugani. Iko juu kidogo, kwenye luseni, mchanga unaopitisha maji. Na ufa wa mbuga unapumua: masika unafunga, kiangazi unafunguka. Huu nimeupima kila wiki mbili kwa misimu minne. Haujawahi kufunga.

Mtasema ni ujenzi hafifu, na ushahidi wenu utakuwa kwamba nyumba za udongo zilizo jirani hazijapasuka. Hapo naomba msikilize vizuri. Ardhi inapovutika, jengo refu linaumia kuliko fupi. Ikivutika milimita 1.5 kwa kila mita, nyumba ya mita 6 inafunguka milimita 9, ambazo udongo unazificha. Jengo la mita 27 linafunguka milimita 40. Waingereza walipanga madhara kwa kipimo hichohicho: badiliko la urefu chini ya sentimita 3 ni hafifu sana, sentimita 3 hadi 6 ni dogo lakini linaonekana, na likizidi sentimita 18 ni baya mno. Nyumba za udongo kubaki nzima ndivyo tungetarajia iwapo ardhi inavutika.

Mtasema mitetemo ya baruti iko chini ya kiwango. Sijalalamikia baruti.

Mtasema pia kwamba mimi mwenyewe sina uhakika. Ni kweli sina. Mpira wa levo na vipande vya kioo vinaniambia kwamba jengo linasogea. Haviniambii kama ni maji, ni pango, au ni vyote viwili. Ningekuwa na bikoni na ramani zenu ningejua ndani ya miezi michache. Kutokuwa na uhakika kwangu kumetokana na karatasi mlizozifungia.

Na gharama? Bikoni 30 za zege zenye nondo, na mpimaji mmoja na msaidizi kila mwezi, mgodi hautazihisi. Tena Mwenyezi Mungu ametupa majabali. Huko kwingine wapimaji wanahangaika kutafuta mahali pasiposogea pa kuanzia vipimo. Sisi tuna mawe makubwa ya matale yaliyosimama tangu enzi na enzi. Chagueni moja lililo mbali na machimbo, tobo moja la nondo, na kianzio mnacho. Juu ya hapo kuna setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, zinazopita angani tangu mwaka 2014 na kurudi mahali palepale kila baada ya siku 12. Picha zake za rada zinatolewa bure, na mtaalamu akizilinganisha anaona mshuko wa milimita chache kwa mwaka. Mashamba na vichaka vinaziharibu, lakini mabati na majabali yanarudisha mawimbi vizuri, na kijiji chetu kina vyote viwili. Picha za nyuma zipo. Tunaweza kuangalia shule ilianza kushuka lini, tukalinganisha na siku mliyofikia pango lililo karibu nayo.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo.

Kwanza, watoto. Kabla ya muhula ujao mhandisi wa majengo, asiyelipwa na mgodi, akague darasa lile na kuandika kama linafaa kuingiwa, na madarasa ya muda yajengwe ili watoto watoke chini ya mwembe. Hili lisisubiri mjadala wa nani mwenye makosa.

Pili, ripoti nzima ya utabiri iwekwe ofisi ya kijiji, pamoja na ramani ya vijia na mapango, unene wa nguzo ya paa kila mahali ambapo kuna nyumba juu yake, na orodha ya mapango yaliyojazwa na yasiyojazwa. Mahali dhahabu ilipo mnaweza kupaficha mkitaka, hatuitafuti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua haki ya wananchi kushirikishwa, na picha za dakika 40 ukutani sio kushirikishwa.

Tatu, utabiri ufanywe upya kwa njia inayolingana na mwamba uliosimama wima, ukihusisha maji, ziwa na maduara ya zamani, na upitiwe na mtaalamu huru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina walimu wa uhandisi wa migodi, na Taasisi ya Jiolojia iko Dodoma. Hatulazimiki kutafuta mtu ng'ambo.

Nne, bikoni ziwekwe, zipimwe kila mwezi, na vipimo vibandikwe ubao wa matangazo wa kijiji kando ya namba iliyotabiriwa. Muweke na kikomo: mshuko ukizidi kiasi fulani, uchimbaji wa sehemu hiyo usimame mpaka sababu ijulikane. Kikomo hicho kiandikwe leo, kabla ya siku kitakapohitajika.

Tano, mapango yaliyo chini ya shule, zahanati na makazi yajazwe kwa uji mzito wa mabaki ya mtambo na saruji. Teknolojia hiyo si ngeni migodini.

Sita, mfuko wa fidia na ukarabati utengwe sasa, mgodi ukiwa na fedha, na uendelee kuwepo baada ya geti kufungwa.

Nipo tayari kuonyesha daftari langu la vipimo kwa mtaalamu yeyote mtakayemtuma. Kama nimekosea mahali, anisahihishe mbele ya mkutano wa kijiji, nami nitaisahihisha barua hii hadharani kama nilivyoiandika. Mkutano ujao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, hapohapo shuleni. Kipande cha tatu cha kioo nimekibandika Jumatatu hii; mkifika mtakiona upande wa kushoto wa dirisha, chenye tarehe ya penseli chini yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mpima migodi mstaafu,
mkazi wa kijiji.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Diwani wa Kata, Mwalimu Mkuu, Kamati ya Shule.